Buloni ya rezini: sekonde zenye zinalinda baba wa nyumba

Kama mutu wa nyumba yako anatumika chini ya udongo, ku Kipushi, ku Kinsenda ao kule ku Kolwezi, jioni akirudia munamuuliza mambo ya kila siku: umechoka? ulikula? feza itatoka lini? Leo ninaomba mumuongezee ulizo moja: "Paa mulifunga muzuri?" Asikasirike. Si ulizo la kumuchunguza. Gazi inaua, maji inaua, mashini inaua, lakini jiwe la juu ya kichwa haliite mutu jina mbele ya kuanguka.

Mimi niko delege wa sendika. Nilizaliwa Kipushi, karibu kilometre 30 kutoka Lubumbashi, mu nyumba ya kampuni. Baba alishuka mu shimo ile yenye ilianza kuchimbwa mu 1924, mupaka kazi iliposimama mu 1993. Nilimaliza sekondari tu, si mimi enjenyere. Mambo nitasema hapa ni yenye mikono yangu ilifanya. Moja kati yao nililifanya vibaya, na nitaanza na lile.

Usiku mumoja wa haraka

Ni miaka kiloko sasa. Sitataja kampuni wala mugodi. Tulikuwa posti ya usiku, tunafunga paa ya galeri mupya na mabuloni ya rezini. Mashini ya kutoboa ilikuwa imekufa tangu mwanzo wa posti. Ilipopona, saa zilikuwa zimeenda. Shefu wa ekipi alipita mara mbili: "Bababa, posti ya asubui banangojea pale. Mutanipa ile paa ao hamutanipa?" Mu mwezi ule tulikuwa karibu na primi ya tani, na kila mutu alikuwa amekwisha kuigawa mu kichwa: wengine masomo ya watoto, wengine deni ya unga.

Mimi njo nilikuwa ku mashini. Kwa buloni za kwanza nilihesabu sekonde muzuri. Kisha nikaanza kuzipunguza. Kusukuma, kuzungusha kidogo, kuacha, kufunga, kuenda ku ingine. Kwa macho, kazi ilikuwa safi: plake zote zilikuwa pale juu, mustari sawa wa vifungo ku koti. Tuliandika mu karatasi hesabu yenye ilitakiwa, na mimi nikatia sahihi.

Siku tatu nyuma, saa ya kubadilisha posti, kipande cha paa kikaanguka. Hakukuwa mutu chini yake. Ekipi moja ilikuwa imepanda, ingine haijafika. Kijana mumoja wa ekipi yetu alikuwa ameacha pale sahani yake ya chakula yenye kifuniko. Tuliipata imekuwa bapa sawa karatasi.

Mu yale majiwe mulikuwa buloni. Muzee mumoja, mufungaji wa paa wa zamani, aliinama, akaokota moja, akaipangusa na mukono. Chuma ilikuwa safi. Plastiki ya katushi ilikuwa imeivaa sawa soksi, na ku ncha rezini ilikuwa bado laini, unaweza kuibonyeza na kidole. Akaniangalia. "Mutoto yangu, hii habakuivuruga." Hakusema jina. Lakini nilijua ule usiku, na yeye alijua kama ninajua.

Siku ile nilinyamaza. Kesho yake nilisema. Nitarudia pale.

Buloni inafanya kazi gani

Wazee wetu walikuwa wanategemeza paa na miti. Muti unasimama chini, unangojea jiwe lishuke, kisha unalikamata. Buloni haingojee. Tunatoboa jiwe kwenda juu, tunaingiza chuma ndefu ya metre mbili ao zaidi, na ile chuma inashona majiwe pamoja. Paa mara nyingi ni matabaka, moja juu ya lingine, sawa mbao. Ukiweka mbao inne nyembamba juu ya mufereji bila kuzifunga, mutu akipita zinapinda, kila moja peke yake. Ukizipigilia misumari zikuwe kitu kimoja, mutu anapita na baisikeli na mufuko wa makala. Kama juu kuko tabaka ngumu, buloni inaweza pia kutundika ile ya chini yenye kulegea ku ile ya juu yenye nguvu.

Angalia uzito. Metre kubiki moja ya jiwe inapita tani mbili na nusu. Kipande cha metre 3 kwa 2, chenye unene wa nusu metre, kinapita tani 7. Ni lori yenye kupakia, juu ya kaske yako. Chuma muzuri ya milimetre 20 inaweza kubeba zaidi ya tani 10. Kwa hiyo hesabu inatosha, kama chuma imeshika. Kama haikushika, umetundika lori ku uzi wa kushonea.

Kuko buloni za zamani zenye zinashika ku ncha tu, na kichwa chenye kinapanuka ndani ya tundu. Ni muzuri mu jiwe ngumu, lakini tukipiga mine kila siku, mutetemeko unazilegeza, na maji inazikula. Buloni ya rezini inashika mu urefu wote wenye rezini imejaza. Rezini inaifunika pia juu ya kutu. Kwa migodi yetu yenye maji mengi, ile si kitu kidogo. Kipushi inajua maji: mu 2011 pompe zilishindwa, maji ikapanda mu shimo, na ilihitaji miaka ya kuitosha mbele kazi ya kutosha zinki irudie mu 2024.

Ni sawa kupika bukari

Sasa wamama, hapa mutaelewa mbele ya wanaume. Katushi ya rezini ni sawa sosisi ndefu ya plastiki yenye vyumba viwili. Mu kimoja mumo rezini yenyewe, yenye kuchanganywa na unga wa jiwe. Mu kingine, kidogo, mumo dawa ya kuikausha. Vile viwili vikikaa kila kimoja kwake, hakuna kitu kinapita. Chuma inapoingia na kuzunguka, inapasua plastiki na kuvuruga. Pale njo rezini inakauka na kukuwa jiwe.

Mwanamuke mwenye hakuvuruga bukari muzuri anapata vidonge na unga mubichi ndani, hata kama inje inaonekana laini. Na mwenye anaacha bukari ipoe, kisha anarudia kuivuruga, anaivunja-vunja, haishikane tena. Rezini ni vilevile. Ukizungusha kidogo, ndani inabaki mbichi, plastiki inakunja chuma sawa soksi. Ukizungusha kupita saa yake, unavunja kitu chenye kilikuwa kimekwisha kuanza kushika. Makosa yote mawili hayaonekane kutoka chini.

Kwa hiyo, ndugu mwenye kutumika, fuata hii njia:

Kwanza, gonga paa na baramini, ukiwa umesimama chini ya paa yenye kufungwa, njia ya kukimbia ikiwa nyuma yako bila kamba wala vyombo. Jiwe zima linalia sawa chuma. Jiwe lenye kuachana linalia sawa chungu chenye ufa. Lile liangushe mbele ya kutoboa. Usifunge buloni ndani ya jiwe lenye linataka kwenda.

Pili, tundu. Kwa chuma ya milimetre 20, tundu ya milimetre 28 inaacha nafasi ya milimetre 4 kila upande, na ile inatosha. Kama kichwa cha kutobolea si cha kipimo chake, tundu linakuwa pana, rezini inakimbilia pembeni, chuma inazunguka mu hewa. Urefu pia: tundu likipita urefu wake, katushi inaenda kujificha nyuma kule na chuma haiifikie yote. Likikuwa fupi, plake haifike ku jiwe. Tia alama ku chuma ya kutobolea, usipime na macho. Kisha tosha vumbi na maji.

Tatu, katushi. Soma tarehe ku katoni. Ibonyeze: kama imekuwa ngumu, ama kama imepasuka, itupe. Makatoni ya zamani yatoke ya kwanza. Na isilale ku jua. Mu mwezi wa kumi, mbele ya mvua, Lubumbashi yote inajua namna konteneri ya chuma inakuwa furu. Rezini yenye kukaa mule siku nyingi inaharibika mbele ya tarehe yake, na yenye kushuka chini ikiwa moto inakauka mbiyo kupita vile karatasi inasema. Kama munatumia aina mbili, ile ya kukauka mbiyo inaingia ya kwanza, iende juu kabisa. Ya pole inafuata. Ya juu inashika, unafunga ekru na kukaza, kisha ya chini inakauka wakati chuma imekwisha kukazwa.

Ine, sekonde. Sukuma chuma ukiizungusha mupaka mwisho wa tundu. Endelea kuzungusha sekonde zenye karatasi ya katushi inasema. Mara nyingi ni 5 mupaka 15, lakini kila aina iko na yake. Kisha simamisha. Usiguse. Shikilia pale, mara nyingi sekonde 10 mupaka 30 kwa ile ya mbiyo. Hizi sekonde za kusimama bure njo ngumu kupita zote, juu mutu anajiona anapoteza wakati. Mimi njo zile niliiba usiku ule.

Tano, kaza ekru, na angalia kama plake imelala ku jiwe sawasawa. Plake yenye kuning'inia ni buloni yenye inakuambia kama haibebe kitu.

Na kuko kazi ya sita yenye si ya mufungaji: kujaribu. Kuko chombo cha kuvuta buloni na nguvu ya mafuta, chenye kiko na saa ya kuonyesha tani. Unachagua buloni hapa na pale, unavuta. Yenye kushika inashika. Yenye haikushika inakuja, na afazali ikuje mu chombo kuliko ku kichwa.

Mambo ya inje yenye inatuangalia

Hii buloni haikuanzia kwetu. Ilienea mu migodi ya makaa ya Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, juu paa ya makaa ni matabaka matupu. Rezini ilikuja nyuma: ilianzia Ujerumani mwisho wa miaka ya 1950, na mu miaka ya 1970 ikaenea sana.

Lakini sikiliza hii. Amerika walipoanza kufunga mabuloni pahali pa miti, kila mutu alingojea vifo vya kuangukiwa na paa vipungue mara moja. Havikupungua vile. Wachunguzi wao wenyewe, wenye walirudia kusoma miaka ile, waliona kama zaidi ya sababu moja: makampuni mengi yaliona kama bila miti mu galeri, mashini kubwa zinapita, tani zinapanda, basi wakafunga mabuloni kiloko, mbali-mbali, na wakatumia ule usalama kwa kukimbia. Ilihitaji karibu miaka 20, na sheria ngumu ya 1969, yenye ilikuja kisha watu 78 kufa mu mugodi wa Farmington mu 1968 juu ya mulipuko. Kuanzia pale, namna ya kushika paa ilipaswa kuandikwa mu pulani na kukubaliwa na inspekta.

Uingereza pia. Mu mwezi wa 8 wa 1993, mu mugodi wa makaa wa Bilsthorpe, paa ya galeri yenye kushikwa na mabuloni ilianguka. Wachimbaji 3 walikufa. Ile haimaanishe kama buloni ni mubaya. Inamaanisha kama buloni inahitaji mutu wa kuangalia paa kila siku, na wa kusema: hapa imeanza kushuka, tuongeze kitu kingine.

Na kwetu? Wazee wa Kolwezi hawajasahau mwezi wa 9 wa 1990, wakati sehemu ya katikati ya mugodi wa Kamoto iliporomoka. Mu mwezi wa 5 wa 2025, ku Kakula, mitetemeko ndani ya udongo ilisimamisha kazi ya chini. Ninayaandika juu ya kusema kweli yote: buloni inashona paa ya juu ya kichwa chako, haibebe mulima. Kama nguzo za jiwe zenye zinaachwa kwa kubeba mulima ni nyembamba, ama zimechimbwa kupita kipimo, hakuna rezini yenye itakusaidia. Ile ni kazi ya maenjenyere, na ni haki yetu kuwauliza.

Primi ya tani na primi ya uzima

Sasa nirudie ku hadisi yangu. Kesho yake nilienda kwa shefu na nikasema: ni mimi nilipunguza sekonde, na si buloni ile moja, ni karibu mustari yote. Aliniangalia muda murefu. Kisha akasema kitu chenye sijasahau: "Kama unasema vile, primi ya batu bote imekwisha." Nilisema ninajua.

Galeri ilifungwa. Chombo cha kuvuta kilishushwa. Mabuloni mengine yalishika muzuri, mengine yalitoka sawa kisu mu bukari. Tulitoboa tena, tukafunga tena. Mwezi ule primi haikuingia. Kuko wenzangu wenye hawakunisalimia wiki mbili, na niliwaelewa, juu deni ya unga haingojee. Ni yule kijana wa sahani njo alikuja nyumbani siku ya Mungu, pamoja na bibi yake na mutoto ku mugongo. Hakusema mengi. Bibi yake njo aliniambia: "Yaya, primi itarudia. Ule hangerudia."

Tangu siku ile nilijua kama makosa hayakuwa ya mukono wangu peke yake. Tuko na primi ya tani. Hakuna mahali niliona primi ya buloni yenye kushika. Mutu analipwa kwa jiwe lenye linatoka, halipwe kwa jiwe lenye linabaki juu. Basi wakati saa inakuwa fupi, nini itapunguzwa? Si tani. Ni sekonde.

Kwa hiyo mu mikutano yetu na wakubwa wa kampuni tunauliza vitu vinne, na ninaomba wenzangu wa kila mugodi wavichukue:

Hesabu ya muda wa kufunga paa iwekwe mu pulani ya posti. Mashini ikifa masaa mawili, yale masaa yaondoke ku tani, yasiondoke ku paa.

Majaribio ya kuvuta yafanywe kila mara, na delege awe pale, na matokeo yabandikwe ku ubao ule ule wenye kunabandikwa tani.

Wafanyakazi wa sutretansi wafundishwe sawa wafanyakazi wa kampuni. Leo wengi wenye wanafunga paa wako na kontrata ya miezi mitatu. Mutu mwenye anaogopa kufukuzwa kesho, atasema namna gani kama katushi imepita tarehe?

Mwenye anasema makosa yake asilipe peke yake. Kama tunamuazibu wa kwanza, wa pili atanyamaza, na paa haitanyamaza.

Tusisahau kama njia iko. Sheria ya kazi ya 2002 inatupa delege wa kuchaguliwa, na inaomba kamati ya sekirite na usafi ku kazi. Kamati ile si ya kunywa fanta na kutia sahihi mu kitabu. Inyi wenye muko ndani, shukeni, mugonge paa. Na inchi za dunia ziliandika mu Mupatano 176 wa Shirika la Kimataifa la Kazi, mu 1995, kama mufanyakazi wa mugodi iko na haki ya kuondoka pahali penye anaona, kwa sababu ya kweli, hatari kubwa kwa uzima wake. Majirani wetu wa Zambia waliukubali. Mutu mwenye anatoka chini ya paa yenye kulia chungu, yule si muvivu.

Wakijana wenye munaanza, wengine watawachekelea mukihesabu sekonde kwa sauti: moja, mbili, tatu... Muache wacheke. Mimi ninahesabu kwa sauti mupaka leo, na ekipi yangu inahesabu pamoja nami. Yule muzee mwenye aliokota buloni amekwisha kupumuzika, anakaa Kipushi, analima mahindi yake. Kila mara tukikutana, mbele ya kuniuliza habari ya watoto, ananiuliza: "Bunafunga muzuri?"

Na inyi ku nyumba, muulize vilevile.